Mchunga ukikugomea: tazama dalili, tafuta chanzo

Mchunga, mboga ya majani inayoota yenyewe, unalaumiwa kwa makosa mengi ambayo si yake. Anayeula mara ya kwanza anasema ni mchungu mno, hauliki. Mwenye shamba anasema ameulima, ameung'oa, na bado umerudi mara mbili ya ulivyokuwa. Mwingine amemwaga mbegu zake kitaluni na hakupata hata mche. Malalamiko hayafanani, lakini karibu yote yanaanzia mahali pamoja: mmea ulikuwa katika hatua gani ulipovunwa, ulipopandwa au ulipolimwa. Kwa hiyo tuanze na hatua hizo.

Mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuandika *Launaea cornuta*, ni wa jamii moja na alizeti, na katika jamii hiyo mmoja wa ndugu zake ni saladi ya majani tunayokula mbichi. Huota wenyewe tangu Ethiopia hadi Zimbabwe na Msumbiji: mashambani, kando ya njia, kwenye viwanja vilivyoachwa. Wagiriama huuita mutsunga. Mvua ikianza, hutoa majani yaliyolala chini kwa duara, laini, yenye kuvunjika kirahisi. Baadaye huinua shina lenye uwazi ndani, ambalo laweza kufika kiunoni mwa mtu mzima au kupita, na majani ya kwenye shina huwa membamba zaidi. Juu hutoka maua ya manjano, kisha mbegu zenye nyuzi nyeupe zinazopeperushwa na upepo. Wakati huohuo, chini ya udongo mizizi yake inatambaa na kuchipua miche mingine pembeni. Jani la kabla ya shina na jani la baada ya shina ni kama mboga mbili tofauti. Mengi ya yanayofuata yanategemea hilo.

"Sina uhakika kama huu ni mchunga"

Shaka hii iheshimiwe kuliko zote, maana hapa kosa linaweza kukupeleka hospitali. Watu wengi hutambua mchunga kwa utomvu mweupe tu: wanakata jani, wanaona maziwa, wanatia kapuni. Utomvu mweupe hautoshi. Mimea ya jamii ya mnyaa nayo hutoa maziwa, na maziwa yake huchoma ngozi, huumiza macho na huchafua tumbo. Kuna gugu moja la jamii hiyo, *Euphorbia heterophylla*, ambalo limejaa kwenye mashamba ya mahindi na maharage Afrika Mashariki, tena huota katika msimu uleule na urefu wake haupishani sana na wa mchunga.

Litofautishe hivi. Gugu hilo lina shina tangu likiwa dogo, halianzi na duara la majani yaliyolala chini. Kileleni lina vitu vidogo vya kijani vilivyosongamana, visivyofanana na ua la kawaida, na tunda lake ni kijidonge chenye sehemu tatu. Mchunga hauna tunda la namna hiyo. Ua lake ni la manjano, na ukilichambua utaona si ua moja bali ni mkusanyiko wa vijiua vingi, kila kimoja kikiwa na ulimi mwembamba wenye meno matano madogo nchani. Chimba kidogo pia: mchunga una mizizi inayotambaa kwenda kwa jirani yake.

Mmea mwingine unaochanganywa nao ni *Sonchus oleraceus*, wa jamii hiyohiyo ya alizeti. Huo una mzizi mmoja unaoshuka, na majani yake hulikumbatia shina kwa masikio mawili, huku kingo zikiwa na vimiba laini. Huo unaliwa, kwa hiyo aliyeuchanganya na mchunga hana la kuogopa.

Kama bado huna hakika, subiri mmea utoe ua. Jani utakalokuwa umelikosa litaota jingine. Na kama umeonja kitu ukasikia kinywa kinawaka, hapo pana tofauti kubwa na uchungu: mchunga ni mchungu, hauwashi. Tema, sukutua, usiendelee. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu na uende kituo cha afya.

"Nimechemsha, nimemwaga maji, bado ni mchungu"

Hili ndilo lalamiko linalosikika kuliko yote, na chanzo chake kwa kawaida hakiko jikoni.

Uchungu umo kwenye ule utomvu mweupe. Saladi ya bustanini, ndugu yake, inatufundisha jinsi unavyoongezeka: mmea ukianza kuinua shina la ua, utomvu huzidi na jani huwa chungu. Joto kali na ukame huongeza vilevile. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu sufuria, jiulize ulichuma wapi na lini. Majani uliyoyatoa kwenye shina lililokwisha kutoa maua hayatakuwa matamu hata uyachemshe kutwa. Majani ya chini ya mmea mchanga, yaliyochumwa wiki za mwanzo za masika au vuli, mara nyingi yanahitaji kuchemshwa kidogo tu. Ukinunua sokoni, tazama fungu lote: likiwa na vijiti vyenye uwazi ndani na vichwa vya maua, muuzaji amechuma mmea mzima uliokomaa. Mwombe fungu jingine, au chambua na ubakize ncha changa peke yake.

Kama majani yalikuwa machanga na bado uchungu umebaki, sasa tunaweza kuitazama sufuria. Jani zima huficha uchungu wake ndani. Likikatwa nyembamba, maji yanaufikia. Maji yakiwa machache hujaa uchungu haraka, kisha hayachukui zaidi. Kwa hiyo kata nyembamba kama unavyokata sukuma wiki, tia kwenye maji mengi yanayotokota, acha yatokote dakika chache, mwaga, kisha kamua. Hatua ya kukamua ndiyo wengi wanayoiruka. Wanachuja tu, halafu wanashangaa kwa nini uchungu umerudi kwenye tui, ilhali jani bado limeshika maji yaleyale ya uchungu.

Halafu kuna chumvi. Kiasi kidogo cha chumvi hupunguza uchungu mdomoni kuliko sukari, ijapokuwa wengi hukimbilia sukari. Mafuta nayo husaidia, na ndiyo sababu pwani tumeuzoea mchunga na nazi, na kwingineko na karanga. Uchungu haukuondoka, ila umefunikwa usifike ulimini wote kwa pamoja.

Na kama unapikia watu wasiouzoea, au watoto, ambao ulimi wao hushika uchungu kwa nguvu zaidi kuliko wetu, usiupike peke yake. Changanya konzi moja ya mchunga na mbili za mchicha, matembele au majani ya kunde. Mimi naona hii ndiyo njia bora kuliko zote, bora hata kuliko kuchemsha mara mbili, kwa sababu inakuachia ladha.

"Hauna ladha yoyote, kama ninakula nyasi"

Chanzo ni dawa ya lalamiko lililotangulia, imezidishwa. Mboga imechemshwa, maji yakamwagwa, ikachemshwa tena, yakamwagwa tena. Yaliyomwagwa si uchungu peke yake: vitamini C na foleti (aina ya vitamini B) huyeyuka majini na kwenda nayo. Ukichemsha mara moja na jani changa, unabaki na mboga. Ukiona unalazimika kumwaga mara tatu, rudi kwenye umri wa jani.

Baadhi ya nyumba hutia magadi ili mboga ilainike na ibaki kijani. Inalainika kweli na rangi inang'aa, lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini, na yakizidi huacha ladha ya sabuni. Kwa mchunga mchanga hayana kazi.

"Tui limekatika"

Tui zito limetiwa mapema, moto ukiwa mkali, au kuna limau, ukwaju ama nyanya nyingi ndani. Anza na tui jepesi, pika mboga iive humo, punguza moto, kisha tia tui zito mwishoni huku unakoroga bila kuacha. Kitu kikali kitangulie au kiwekwe mezani, kila mtu ajikamulie.

Nyanya na limau zina athari nyingine ambayo haisemwi sana. Zikitiwa kabla mboga haijalainika, huchelewesha kulainika kwake. Ukiona majani ni magumu na umepika muda mrefu, chanzo chaweza kuwa hicho. Hata rangi kugeuka ya kahawia iliyofifia ni kazi ya tindikali, pamoja na kufunika sufuria kwa muda mrefu.

"Majani yamenyauka kabla sijafika nyumbani, na mikato imekuwa ya kahawia"

Ule ukahawia ni utomvu uliokutana na hewa. Haudhuru, hata vidole vyako vitashika rangi hiyo. Kunyauka ni jambo la saa ya kuchuma. Chuma asubuhi mapema, funga kwa jani la mgomba au kitambaa kibichi, usiweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa juani, humo hujipika wenyewe. Fungu lililonyauka tu linaweza kuhuishwa kwenye maji baridi, lakini lenye utelezi na harufu halina la kufanya. Litupe.

"Nimekula, tumbo limevurugika"

Nina mambo matatu ya kuuliza hapa, na kila moja lina jibu lake.

La kwanza: ulichuma wapi? Mchunga huota mahali palipovurugwa, na mahali hapo mara nyingi ndipo pachafu: kando ya barabara kuu, karibu na dampo, kwenye mtaro wa majitaka. Kuosha huondoa vumbi na baadhi ya vijidudu, hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani. Shamba lililopulizwa dawa ya magugu nalo liache, hata kama majani bado ni kijani; dawa nyingine huchukua siku kabla mmea haujaonyesha dalili. Kusini mwa Tanzania, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, unga ule hutua kwenye kila kilicho chini ya mti. Usichume chini ya mikorosho wakati huo. Muulize mwenye shamba kabla ya kuinama. Hata kama hakuna dawa, ni adabu.

La pili: ulikula au ulikunywa? Sahani ya mboga ni jambo moja. Maji mazito ya majani au mizizi iliyochemshwa hadi yakawa meusi ni jambo jingine, na hayo ndiyo yanayopeleka watu chooni. Wengi huyanywa kwa malaria, kwa minyoo au kwa sukari. Wazee wetu waliufahamu mmea huu kwa undani na siudharau ujuzi wao. Lakini homa inapimwa. Malaria ikionekana kwenye kipimo inatibiwa kwa dawa mseto, na mtoto mdogo mwenye homa hapaswi kusubiri siku mbili akinyweshwa maji machungu. Anayetumia dawa za kisukari asiziache kwa sababu ya mchunga, na akitaka kuunywa kama dawa amwambie daktari wake kwanza, sukari isije ikashuka kupita kiasi. Mjamzito ale mboga iliyopikwa kwa kiasi chake, ila aachane na maji mazito.

La tatu: una hakika ulikuwa mchunga? Kama tumbo linaambatana na kinywa kuwaka, kuvimba midomo au kutapika kusikokoma, usitafute jibu mtandaoni. Nenda hospitali na uchukue kipande cha mmea.

"Nimepanda mbegu, hazikuota"

Mbegu ya mchunga ni ndogo na nyepesi, na kati ya zile nyuzi nyeupe unazozikusanya nyingi huwa tupu. Kabla ya kupanda, bana chache kati ya kucha mbili: iliyojaa ina ugumu, iliyo tupu inakunjika. Vuna kichwa kikiwa ndiyo kwanza kinafunguka, mchana mkavu, kabla ya upepo kukutangulia.

Sababu ya pili ni kina. Mbegu ndogo ikifunikwa udongo wa kidole kizima haina akiba ya kuupenya. Imwage juu ya tuta lililosawazishwa, inyunyizie mchanga kiasi cha kuificha tu, weka nyasi nyepesi juu na umwagilie kwa matone madogo. Ukimwaga ndoo, umeihamisha mbegu yote pembezoni mwa tuta.

Lakini kusema kweli, kama una mchunga jirani, usijisumbue na mbegu. Chimba mizizi inayotambaa, kata vipande vya urefu wa kidole, vilaze kwenye mfereji mfupi, funika, mwagilia. Miche ya mizizi huwahi na ina nguvu. Chagua mmea mama ambao majani yake ni mapana na uchungu wake ni wa wastani, maana kipande cha mzizi kitakupa mmea uleule. Wanawake wengi wanaouza mboga sokoni wanajua kichaka gani kina majani mazuri. Hao ndio wa kuwauliza.

Panda kwenye eneo ambalo huna mpango nalo kwa zao jingine, au kwenye ndoo kuukuu na magunia. Utaona sababu hapo chini.

"Umeota vizuri, lakini unakimbilia maua"

Ukame, joto, au umeacha kuvuna. Ukiona shina linaanza kuinuka katikati ya duara, likate chini kabisa. Mwagilia mara kwa mara, weka samadi iliyooza vizuri, na vuna majani ya nje ukiacha ya ndani. Kivuli chepesi, kama cha mgomba au mpapai, husaidia miezi ya jua kali. Mmea ukishatoa maua yote, usiuhangaikie: ukate wote usawa wa ardhi na uusubiri uchipue upya kutoka mizizini. Machipukizi hayo ndiyo matamu kuliko yote.

"Majani yana alama"

Michoro myeupe inayopinda ndani ya jani ni njia za vidomozi. Funza wake anakula kati ya ngozi mbili za jani. Chuma majani hayo uyachome au uyafukie, kabla funza hajaanguka udongoni kugeuka inzi. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni ubwiri: punguza msongamano, hewa ipite. Majani yanayojikunja na kunata, yenye sisimizi wanaopanda na kushuka, geuza uone upande wa chini, utawakuta vidukari. Maji ya sabuni kidogo, yapulizwe jioni, kisha suuza kabla ya kuvuna. Rangi ya njano kuanzia majani ya chini ni udongo uliochoka au maji yaliyotuama. Sioni sababu ya kupulizia sumu mboga ambayo porini inajitunza yenyewe.

"Kila nikilima unaongezeka"

Hapa jembe ndilo linalopanda. Kila mzizi unaokatwa vipande na kuachwa kwenye udongo wenye unyevu unageuka miche kadhaa, na trekta linavitawanya shamba zima. Kulima kwa nguvu zaidi kunazidisha.

Kinachoufanya uishi ni akiba iliyo mizizini, na akiba hiyo inatoka kwenye majani. Kwa hiyo shambulia majani, tena kwa kurudia. Kata juu juu kila yanapochomoza, kabla hayajapata muda wa kurudisha kile mizizi ilichotumia kuchipua. Mara moja haitoshi wala mara mbili. Ni kazi ya misimu, na atakayepumzika katikati anaanza upya. Kama unalima kwa kina, fanya hivyo kiangazi, uichambue mizizi na kuianika juani hadi ikauke kabisa. Usiitupe mbichi kwenye ukingo wa shamba wala kwenye lundo la mboji. Usiruhusu hata kichwa kimoja kifunguke. Matandazo mazito na zao linalofunika ardhi, kama kunde au viazi vitamu, huunyima mwanga.

Palizi ya kwanza ya mahindi ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, kwa sababu wakati huo mchunga bado uko kwenye duara lake la majani laini. Unachokiondoa shambani ndicho kile ambacho sokoni kinatafutwa. Waite majirani waje na vikapu kabla ya palizi. Yatakayobaki wape sungura, wanayapenda, ila yaache yanyauke kidogo kwanza; majani yenye umande yanaweza kuwaharisha.